Bustani Yetu ya Kew

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa nimetimiza mwaka wa tano London, mama aliniletea barua kutoka Unguja iliyoniharibia Jumapili zangu zote za mwaka ule. Mama hakuwa akiandika mwenyewe. Yeye alikuwa akisema, na jirani yetu mmoja, mwalimu wa skuli, akiandika. Mwalimu huyo alikuwa mwaminifu mno. Hakupunguza ukali wala hakuongeza adabu. Kila alilolitamka mama lilinifikia lilivyo.

"Dada yako katuletea picha kumi na mbili," barua ilisema. "Bahari, visiwa, nyumba nyekundu za mbao, na theluji juu ya mto. Wewe katika miaka mitano umetuletea picha mbili. Moja ya pasipoti. Ya pili ni ukuta, na wewe umeuegemea. Watu wananiuliza mwanangu wa London anakaa wapi, na mimi nawaonesha ukuta."

Dada yangu alikuwa amenizidi miaka minne. Aliolewa na baharia wa kwetu, mmoja wa wale walioondoka baada ya Mapinduzi na kuzunguka bandari za dunia mpaka wakapata pa kutia nanga. Yeye alitia nanga Gothenburg, upande wa magharibi wa Sweden, na dada akamfuata huko. Picha zake nilikuwa nazijua, maana na mimi aliniletea nakala. Kwenye moja alikuwa amesimama juu ya majabali ya rangi ya waridi na bahari nyuma yake imetulia kama mafuta ndani ya bakuli. Kwenye nyingine yuko juu ya kilima chenye mnara wa zamani, na mji mzima uko chini ya miguu yake, winchi za bandari, paa za nyumba, treni ndogo za mjini zikipita katikati ya barabara. Kulikuwa na ya bustani yenye ziwa, maua ya yungiyungi yakielea. Kila picha ilikuwa ya kutundika.

Na mimi kweli nilikuwa na ukuta. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa ofisi ya manispaa nilikofanya kazi, karibu na mahali pa kuwekea mapipa ya taka. Kazi yangu ilikuwa kusukuma kigari cha mafaili kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Katika barua zangu nilijiita afisa wa nyaraka, na nilijitetea moyoni kwamba nyaraka zilikuwapo kweli na mimi ndiye niliyekuwa nazo, ingawa ndani ya lifti tu.

Katika chumba cha barua cha ofisi ile nilikuwa na rafiki mmoja, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru, anayekaa Southall, mtaa wa Wahindi wa London. Alikuwa na ndevu za kuheshimika na Kiswahili cha gereji. Nilimsomea barua ya mama wakati wa chai. Alicheka mpaka akalazimika kukiweka kikombe chini.

"Bwana, mama yako ana haki," aliniambia. "London nzima hii, wewe unasimama kwa dustbin! Mimi niko na kamera mbili. Moja nakupatia ukae nayo. Lakini usikilize: jua iwe nyuma ya ile mtu anapiga, si mbele. Mkono usitetemeke. Na kidole chako, tafadhali, kiweke mbali na lenzi."

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa tayari nimeshajiona ni mpiga picha. Nilikwenda maktaba nikaazima kitabu cha maeneo mazuri ya kupigia picha mjini London, nikayaandika kwenye karatasi kwa mpango: Primrose Hill kwa kuona mji kutoka juu, mfereji wa Little Venice kwa mashua, kilima cha Greenwich kwa mto, Kew kwa maua, Richmond kwa kulungu. Nilinunua hata kofia.

Jumapili ya kwanza nilipanda Primrose Hill na mkanda wa picha thelathini na sita. Kitabu kilisema mandhari ya pale hayasahauliki. Kitabu hakikusema habari za ukungu. Nilipofika juu sikuona mji, sikuona miti, na baada ya kitambo sikuona njia niliyopandia. Mtu mwenye busara angerudi kitandani. Mimi nilipiga picha kumi na moja, nikijiambia kwamba kamera huona kuliko jicho. Picha ziliposafishwa, mwenye duka la dawa, maana kule ndiko picha zinakosafishwa, alinitazama kwa huruma akaniuliza kama ningependa arejeshe mkanda kiwandani, huenda una kasoro.

Halafu palikuwa na tatizo ambalo kitabu hakikulitaja kabisa. Mama hakutaka picha ya London. Alitaka picha yangu nikiwa London. Kwa hiyo ilinibidi nimpe kamera mtu nisiyemjua. Na mimi, mtoto wa mjini, nilikuwa naogopa kwamba nikimpa kamera ya rafiki yangu kijana mwenye miguu mizuri atakimbia nayo. Basi nikawa nachagua wazee wenye mikongojo. Nilihesabu kwamba wale nitawafikia. Nilikuwa nasahau tu kwamba mzee mwenye mkongojo ana mkono mmoja wa kushikia kamera, na mkono huo unatetemeka.

Little Venice, bibi mmoja wa Kiingereza alinikata kichwa. Picha ina suti yangu ya kahawia, tai yangu, mashua tatu zilizopakwa rangi, na shingo. Greenwich, mzee mmoja aliyepigana vita alinieleza habari za vita hivyo kwa nusu saa, kisha akapiga picha ya viatu vyake mwenyewe. Kwa haki yake, viatu vilitoka vizuri.

Ilikuwa mwezi wa sita nilipokwenda Kew. Siku hiyo kila kitu kilikubali. Jua lilikuwa kali, waridi zimefunguka, na lile jumba kubwa la vioo la michikichi na migomba linang'aa ukingoni mwa ziwa. Nilimpa kamera mama mmoja wa makamo aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto, nikakisia kwamba hawezi kukimbia na vyote viwili. Alipiga mara moja tu, akanirudishia. Picha ile ilipotoka nilikaa nayo kwenye benchi nje ya duka la dawa nisiamini. Nilikuwa mzima, kichwa na miguu, nimeweka mkono mfukoni, waridi kushoto, jumba la vioo nyuma. Nilifanana na mtu.

Nyuma ya picha nilikusudia kuandika, "Mimi nikiwa katika bustani ya huku kwetu London." Niliandika "Mimi nikiwa katika bustani," nikapumzika kidogo. Nikaitazama tena picha. Nikaandika "yetu." Kisha nikatia nukta. Naikumbuka nukta ile vizuri, maana palikuwa na nafasi ya kutosha ya maneno mengine na sikuyaandika.

Nilijiambia si uongo. Bustani ilikuwa ya umma, na mimi ni umma.

Jibu la mama lilikuja baada ya wiki tano. "Tumefurahi kuiona bustani yenu. Jirani wote wameiona. Mbona hukutwambia una nyumba ya vioo? Nani anayaosha madirisha yote hayo?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli kwa maneno mawili. Badala yake niliandika kwamba kuna watu maalumu wanaokuja kuosha. Ambayo, ukiitazama, ni kweli.

Basi ikawa kila picha inazaa swali, na kila swali linazaa picha nyingine. Nilirudi Kew mara tatu. Nilipigwa picha kwenye mgomba ndani ya jumba la vioo, nimeushika kama niliyeupanda. Mama akauliza, "Ndizi zake mnazila, au ni za kutazama?" Nilipigwa kando ya ziwa na mabata-maji meupe. Mama akauliza, "Mabata wa nani hao?" Nikajibu wa hapohapo. Mara moja aliuliza swali lililonitoa jasho: "Hao watu nyuma yako ni wageni wenu? Na yule aliyelala kwenye majani hana shati, mbona hamumpi shati?" Nilijibu kwamba Waingereza ndivyo walivyo, jua likitoka huvua.

Lakini kilele cha upumbavu wangu kilikuwa Richmond. Nilisoma kwamba mwezi wa kumi kulungu wa kule wanapendeza, madume yana pembe kama matawi ya mti na sauti zao husikika mbali. Kitabu kilieleza pia kwa nini wanalia mwezi huo, kwamba ni msimu wa kutafuta majike na kwamba mtu asiwakaribie. Maelezo hayo yalikuwa ukurasa wa nyuma, nami nilikuwa mtu wa kutazama picha.

Nilifika asubuhi na mapema nimevaa suti yangu ya kahawia. Umande umejaa kwenye majani, na dume moja limesimama peke yake chini ya mti, linatoa moshi puani. Nikalisogelea. Nikapiga. Nikasogea tena. Lilinguruma kwa sauti ambayo sikutarajia kuisikia kwa mnyama anayekula majani. Kutoka mbali mwanamume mmoja mwenye mbwa alinipigia kelele, na mimi, kwa adabu, nikampungia mkono. Nilipogeuka dume lilikuwa limeinamisha kichwa.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka magugu ya kahawia yaliyonifika kiunoni, nakumbuka kiatu cha kushoto kikibaki ndani ya tope, na nakumbuka nikisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya juu katikati ya bustani ya wafalme wa Kiingereza. Nilipofika njiani, yule mwenye mbwa alinitazama kuanzia tai mpaka soksi, akaniambia, kwa upole sana, kwamba dume halikunifukuza. Lilipiga hatua mbili tu, likarudi kwa majike yake. Nilikuwa nimekimbia masafa yale yote peke yangu.

Kati ya picha zote za siku hiyo ilitoka moja, ya matako ya kulungu akiondoka. Niliipeleka vilevile. Nyuma niliandika, "Hawa hupita mlangoni."

Mwezi wa tatu uliofuata ikaja barua kutoka Gothenburg. Dada alikuwa anakuja. Mumewe yuko safarini Amerika ya Kusini, aliandika, na yeye ana likizo, atapanda meli mpaka Harwich, kisha treni. "Mama kaniagiza niitazame nyumba yako kwa macho yangu," alimalizia, "na nikate kipande cha waridi nikampelekee siku nikijaaliwa kwenda."

Nilimwonesha barua yule rafiki yangu wa Southall.

"Sasa utafanya nini?" aliniuliza.

"Nafikiri niugue."

"Ukiugua atakuja kukuuguza nyumbani kwako. Na nyumbani ni wapi?"

Nyumbani kwangu kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dobi, mtaa wa pembeni wa Edgware Road. Mvuke wa pasi ulikuwa ukipanda kupitia mbao za sakafu, kwa hiyo nguo zangu hazikuwahi kukunjamana, na hilo ndilo jambo zuri pekee ninaloweza kukisifia. Dirisha lilitazama bomba la jiko la mkahawa wa Waarabu. Nilikuwa najua mkahawa unapika nini kila saa ya siku.

Nilikwenda kumpokea stesheni ya Liverpool Street. Alishuka na sanduku moja na koti refu la kijivu, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Alinikumbatia muda mrefu mpaka watu wakatupita wote na jukwaa likabaki tupu. Nilidhani ni uchovu wa meli.

"Twende tukanywe chai kwanza," nilisema.

"Nimekunywa chai Harwich. Twende nyumbani."

"Tupite mtoni kwanza uone daraja."

"Nimebeba sanduku, mdogo wangu. Daraja litakuwapo kesho."

Ndani ya basi nilimwonesha kila jengo lililokuwa refu. Tulipofika mtaani kwetu nikapunguza mwendo, nikapunguza, mpaka nikasimama mbele ya duka la dobi kama mtu anayesoma bei za suti.

"Umeacha nguo hapa?" dada aliuliza.

"Hapana. Ni hapa."

Alitazama duka. Akatazama mlango mdogo wa pembeni, uliomenyeka rangi. Tulipanda ngazi, mimi mbele na sanduku. Nilifungua mlango. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, maana hakukuwa na mahali pengine pa kusimama, akaenda dirishani. Bomba lilikuwa likitoa moshi wa kebab.

"Bustani iko upande gani?" aliuliza bila kugeuka.

"Iko mbele kidogo."

"Mbele kidogo wapi?"

"Treni. Kama nusu saa hivi. Halafu unakata tikiti mlangoni."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Aligeuka, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, akashika mbavu, akasema, "Na kulungu? Kulungu nao wana tikiti?" Nilimweleza habari za Richmond, za kiatu, za mwenye mbwa. Akaanza upya. Mimi nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu barua ile ya ukuta.

Alijifuta macho na upindo wa mtandio, na kufuta kwenyewe kukawa kurefu.

"Nilikuja kuangalia nafasi," alisema. "Nilisema, huyu ana nyumba kubwa, ana bustani, hawezi kukosa chumba. Nilitaka nikuombe nikae na wewe. Mwaka, miaka miwili, mpaka shemeji yako aache bahari."

Sikuelewa. Nilimwambia yeye ndiye anayekaa mahali pa kukaliwa. Nilimtajia picha zake moja moja, majabali, kilima, ziwa lenye yungiyungi. Nilizijua kwa moyo kwa jinsi nilivyozihusudu.

"Pazuri," alisema. "Sijasema si pazuri. Umenitajia picha zote. Ndani yake yumo nani?"

"Umo wewe."

"Na nani?"

Nikafikiri. Picha kumi na mbili nilizokuwa nimezitazama miaka miwili, nikipima upeo wa bahari na upande wa jua, nikijilinganisha nazo kama mjinga. Hakukuwa na mtu mwingine hata mmoja. Hata mbwa hakuwamo.

"Kwani nani alikuwa akikupiga?" nilimuuliza. "Si shemeji?"

"Shemeji yako yuko baharini miezi tisa katika mwaka. Jiwe ndilo linalonipiga. Naiweka kamera juu ya jiwe, nabonyeza kitufe, inahesabu sekunde kumi, mimi nakimbia kwenda kusimama. Siku za Jumapili sina wa kusema naye, basi napanda feri nakwenda visiwani kupigwa picha na jiwe."

Chini, mashine ya dobi ilikuwa ikivuma. Mwaka mzima nilijifanya mpiga picha, nimevaa kofia, nimebeba kitabu cha maktaba, na sikuwa najua hata kuitazama picha niliyoletewa na dada yangu mwenyewe. Nilimwambia nafasi ipo. Alitazama kile kitanda kimoja, akanitazama mimi. Nikamwambia mimi nimezoea kulala chini, jambo ambalo nalo halikuwa kweli, lakini lilikuwa uongo wa aina nyingine.

Alikaa wiki sita. Alilala kitandani, mimi kwenye godoro alilotukopesha yule rafiki yangu, aliyelileta kutoka Southall juu ya paa la gari pamoja na sufuria ya dengu kutoka kwa mkewe. Dada aliuzoea mtaa haraka kuliko mimi katika miaka yangu yote. Wiki ya pili wapishi wa mkahawa walikuwa wakimsalimia kupitia dirishani, na wanawake wa Kiomani waliokuja kutibiwa London walikuwa wakimsimamisha njiani kumuuliza habari kwa Kiswahili, kwa furaha ya kusikia lugha ya bibi zao. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya watu walewale kila Jumapili nikiwahi basi la kwenda kutafuta mandhari.

Jumapili moja ya mwezi wa nne tulikwenda Kew. Tulikata tikiti. Waridi zilikuwa bado, lakini chini ya miti palikuwa na zulia la maua ya manjano, na michikichi ndani ya vioo ilikuwa ile ile. Dada alipoingia mle ndani, joto likamkumba na harufu ya udongo mbichi, alisimama akafumba macho. "Mama asije akafika hapa," alisema. "Hatatoka."

Nje, karibu na ziwa, aliiweka kamera yake juu ya ukuta mfupi, akailaza juu ya mkoba, akachungulia. Alinipanga mahali, akaniambia nisiweke mkono mfukoni kama mbunge. Alibonyeza, akaja mbio. Katikati ya njia bata-maji mmoja alitoka ziwani akampanulia mbawa. Dada akapiga ukelele akakata kushoto. Mimi, badala ya kumsaidia, nikakimbilia kulia. Kamera ilibofya hapo.

Picha ilipotoka, dada mtandio umemwangukia mabegani na mdomo uko wazi, mimi nimeinua goti moja juu kama niliyekanyaga kaa la moto, bata hayumo. Jumba la vioo limekatwa nusu. Kwa kanuni zote za kitabu changu ilikuwa picha ya kutupwa. Tuliipeleka kwa mama. Pamoja nayo tuliipeleka ya chumbani, mimi nimekaa kwenye godoro chini, bomba la mkahawa linaonekana dirishani, na barua niliyoiandika mara nne. Nilieleza yote: bustani si yangu, kulungu hawapiti mlangoni, sina mlango wa kupitwa na kulungu. Niliomba radhi. Nilitaja pia kigari cha mafaili, maana nilikuwa nimeshaanza.

Jibu safari hii lilikuja mbio, dada bado yuko. Alilisoma yeye kwa sauti, amekaa kitandani, akiiga sauti ya mama vizuri mno.

"Mwanangu, mimi nina macho," mama alisema. "Ile picha ya kwanza, nyuma yako kuna foleni ya watu mlangoni na mtu mwenye kofia anawakatia karatasi. Nikasema, huyu ama amefungua sinema ama anadanganya. Nikaendelea kukuuliza nione utafika wapi. Nilipoona matako ya yule mnyama nikajua umefika. Mwalimu hapa anacheka, hawezi kuandika vizuri, msitazame hati.

"Picha ya waridi nimeitundika barazani, na haitoki. Wageni wanaipenda. Wakiniuliza kama ni kwako nasema ulizeni wenyewe London. Ya chumbani nimeiweka ndani ya sanduku langu, pamoja na kanga zangu; hiyo naitazama mwenyewe. Ya tatu nimeshindwa kuifahamu. Nani anawakimbiza? Lakini nimefurahi kuwaona pamoja. Dada yako kanenepa kidogo. Mwambie mumewe ashuke kwenye meli."

Aya ya mwisho dada aliisoma mara mbili, ya pili bila kuiga sauti.

Mume alishuka, ingawa si kwa amri ya mama. Mwaka uliofuata mgongo wake ulimkatalia, akapata kazi ya bohari bandarini Gothenburg, na dada akaanza kufundishwa kazi ya kulea watoto katika skuli ya chekechea ya mtaani kwao. Barua zake zikaanza kujaa majina ya watu nisiowajua.

Kiangazi hicho nilikwenda kumtazama. Nilipanda meli ya Harwich, na mimi mtoto wa kisiwani nilitapika kuanzia Uingereza mpaka Sweden, nikiwa nimeinamia beseni nililopewa na mhudumu mmoja aliyeniuliza kwa wema kama ni mara yangu ya kwanza kuiona bahari. Bandarini dada alikuwa amesimama na jirani yake, bibi wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe na bangili nyingi. Nilikuwa na rangi ya majivu na kamera shingoni.

"Nimemwambia wewe ni mpiga picha kutoka London," dada alininong'oneza kwa Kiswahili, huku anatabasamu. "Kesho anamwoza mjukuu wake. Nimemwahidi utawapiga."

"Dada! Wewe unanijua!"

"Nakujua. Lakini nakala ya picha yako ya waridi iko ukutani kwangu, na yeye anaisifu sana."

Niliwapiga. Harusi ilikuwa kwenye kisiwa kidogo, juu ya majabali yale ya rangi ya waridi, bibi harusi na taji la maua kichwani, jua la kaskazini likiwa limeinama na bahari inameremeta, na hata kipofu asingeweza kuharibu picha pale. Niliweka jua nyuma yangu. Nilikiweka kidole mbali na lenzi. Nilipiga thelathini na sita, nikiamuru watu wasogee kushoto, wasogee kulia, wacheke, na wote wakanitii kwa heshima kubwa. Jioni, niliporudi nyumbani kwa dada na kufungua kamera kutoa mkanda, nilikuta mkanda umelala mahali pake vizuri kabisa, haujasogea hata picha moja. Sikuwa nimeuingiza kwenye meno ya kamera yanayouvuta.

Dada hakunilaumu. Alichukua viatu vyake, akaenda nyumba ya pili kumweleza yule bibi, na kupitia ukutani nilisikia sauti yake ikieleza, kisha vicheko vya wanawake wawili. Mpaka leo, kila nikienda, yule bibi hunikaribisha kahawa na keki, kisha hunivua kamera shingoni kwa mikono yake mwenyewe, na kuifungia kabatini mpaka siku ya kuondoka.